Sola Embu: Piga Hesabu ya Julai
Unataka kujiwekea sola nyumbani? Tunakushauri usinunue kwa hesabu ya jua la Januari. Huku Embu, Julai ni ukungu na manyunyu, na paneli inapata jua kidogo.

Tupige hesabu. Taa 3 za wati 3, saa 5 kila usiku: wati-saa 45. Kuchaji simu 2, kama 20. Jumla 65. Paneli ya wati 20 ikipata saa 2 tu za jua kali, inatoa 40. Giza! Chukua ya wati 40 au zaidi.

Unalipa pole pole kwa simu? Tuseme malipo ya kwanza ni shilingi 3,000, halafu 50 kila siku kwa siku 420. Hiyo ni 24,000. Linganisha na bei ya keshi kabla hujaweka PIN.