Chipu Moja, Kazi Nyingi: Tugawe Nafasi Kwanza

Prosesa ya kawaida hufanya kazi nyingi kwa zamu. Mfumo endeshi huipa kila programu muda mfupi mno, huhifadhi ilipofikia, kisha huita nyingine, na sisi tunadhani zote zinakwenda pamoja. Chipu za FPGA ni za namna nyingine: saketi zake hupangwa upya hata baada ya kutoka kiwandani. Gerald Estrin wa Marekani alipendekeza kompyuta yenye sehemu inayobadilika mwaka 1960, na Xilinx ikatoa FPGA yake ya kwanza mwaka 1985, yenye vitengo 64 tu vya mantiki. Humo kazi si orodha ya maagizo, ni saketi yenyewe. Kubadili kazi, basi, ni kufuta saketi moja na kuunda nyingine.

Gharama iko hapo. Njia ya ndani inayopitisha mpangilio mpya ikibeba biti 32 kwa kila pigo la saa, mapigo milioni 100 kwa sekunde, mpangilio wa megabaiti 4 utachukua sehemu 10 za elfu ya sekunde. Mtumiaji hatahisi kitu, ila prosesa ingekuwa imebadili kazi maelfu ya mara. Tena hatujahesabu kuhifadhi hali ya kazi iliyokatizwa, iliyotawanyika chipu nzima. Ndiyo maana naona kuiga zamu za prosesa ni kupotea njia. Afadhali chipu igawanywe kama viwanja: kila kazi ikae pake, zote ziende kwa pamoja, na kiwanja kimoja kipangwe upya bila kuwasimamisha majirani.

Atakayepinga atasema kazi ndogo katika kiwanja kikubwa ni hasara. Kweli, lakini hasara hiyo inavumilika. Pingamizi zito ni la usalama: mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walionyesha kuwa saketi iliyowekwa ndani ya chipu inaweza kupima mabadiliko ya umeme na kung'amua ufunguo wa siri wa saketi nyingine iliyo humo humo. Ukuta wa kimantiki kati ya saketi hizo hauzuii umeme zinaouchangia. Hoja hii haiui ugawaji wa nafasi, inauwekea mpaka. Microsoft ilipofunga FPGA kwenye seva 1,632 kwa majaribio ya Bing, injini yake ya utafutaji, yaliyotangazwa mwaka 2014, kazi zote zilikuwa zake, na uwezo wa kupanga matokeo ukapanda kwa asilimia 95 kwa kila seva. Kazi za mwenye mali mmoja zigawane chipu. Wateja wasiojuana wapewe kila mmoja chipu yake, hata kama bei itapanda.