Moto wa Dakika Kumi na Rekodi Nyingine za Mnyororo wa Ugavi

Magazeti ya biashara husifu mauzo na faida. Rekodi zifuatazo ni za upande ambao mteja haufikirii: maghala, meli, vipuri, na ofisa manunuzi anayeshtuka mapema kwamba mzigo haujafika. Huko ndiko kampuni kubwa hujengeka au huporomoka.

Moto mdogo wenye hasara kubwa kuliko yote. Tarehe 17 Machi 2000 radi iliwasha moto katika kiwanda cha chipu cha Philips mjini Albuquerque, Marekani. Ulizimwa kwa kama dakika kumi, lakini moshi na maji viliharibu vyumba ambamo hata chembe ya vumbi haitakiwi. Wateja wakubwa wawili, Nokia ya Finland na Ericsson ya Sweden, waliambiwa mzigo ungechelewa kama wiki moja. Nokia hawakutosheka na jibu hilo. Walifuatilia mzigo kila siku, viongozi wa juu wakaingia kazini wenyewe, chipu nyingine zikatafutwa kwa watengenezaji wengine, na Philips wakabanwa watumie viwanda vyao vya nchi nyingine. Ericsson walingoja. Walipozinduka hapakuwa na pengine pa kununua, kwani walikuwa wamejifunga kwa mgavi mmoja ili kubana gharama. Walipoteza mauzo ya takriban dola milioni 400, na mwaka 2001 biashara yao ya simu ikaunganishwa na ya Sony. Moto huo haukuwaangusha peke yake. Simu zao zilikuwa na matatizo mengine. Hata hivyo sijaona mfano ulio wazi kuliko huu: ajali moja, taarifa moja, na tofauti ikawa nani aliyehangaika mapema.

Ujirani uliolipa haraka kuliko wote. Toyota nao waliwahi kutegemea mlango mmoja. Tarehe 1 Februari 1997 kiwanda cha Aisin huko Kariya, Japani, kiliungua. Hicho ndicho kilichotengeneza karibu vali zote za breki za magari ya Toyota, na kwa desturi ya kampuni hiyo ya kutorundika vipuri, akiba iliyokuwapo ilikuwa ya saa chache. Viwanda vya Toyota vikasimama. Aisin wakagawa michoro kwa yeyote aliyeweza kusaidia, na makumi ya kampuni zikajitolea, hata Brother, watengenezaji wa cherehani. Vali za kwanza zilifika baada ya siku chache, na katika muda wa wiki moja hivi uzalishaji ulikuwa umerudi. Uhusiano mwema na wagavi hauonekani kwenye mizania, lakini wiki ile ulikuwa na thamani kubwa kuliko ghala lililojaa.

Bei iliyoporomoka kuliko zote. Aprili 1956 Malcom McLean, mfanyabiashara wa usafirishaji wa Marekani, alisafirisha makontena 58 kwa meli Ideal X kutoka Newark hadi Houston. Kupakia tani moja kwa mikono ya makuli kuligharimu dola 5.86; kwa kontena gharama ilishuka hadi chini ya senti 16.

Stoo iliyojaa kupita kiasi. Mwaka 2001 Cisco, watengenezaji wa vifaa vya mitandao ya kompyuta, walilazimika kufuta vitabuni mali ya zaidi ya dola bilioni 2. Waliamini oda zilizovimba za wateja, soko lilipoanguka bidhaa zikabaki ghalani.

Kuku waliokosekana kuliko wote. Februari 2018 KFC ya Uingereza ilibadilisha msafirishaji, na ugavi ukategemea ghala moja lililoko mji wa Rugby. Ndani ya siku chache mamia ya migahawa yake yapatayo 900 ilifungwa. Mgahawa wa kuku usio na kuku!

Damu iliyopaa mapema kuliko zote. Oktoba 2016 Rwanda ilianza kupeleka damu hospitalini kwa ndege zisizo na rubani za kampuni ya Zipline, kutoka kituo cha Muhanga. Kabla ya hapo hospitali za milimani zililazimika kuweka akiba ya kila kundi la damu, nyingine ikaharibika bila kutumika. Sasa damu huwekwa mahali pamoja, kisha huagizwa mgonjwa anapoihitaji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa damu inayoisha muda ilipungua kwa takriban theluthi mbili katika hospitali zilizohudumiwa.