Kinachoupa Uhai Ukurasa ni Msomaji

Haupiti muda mrefu hapa Visiwani bila ya kusikia kwamba ofisi fulani, jumuiya fulani au kikundi fulani cha vijana kimeanzisha ukurasa wake wa habari. Toleo la kwanza hupambwa kwa picha ya mgeni rasmi, hotuba ya ufunguzi na ahadi nyingi. Toleo la pili huchelewa. La tatu halionekani, na wala hapana anayeuliza limekwenda wapi. Sisi hatuwacheki wenye kuanzisha, kwani nia yao ni njema. Lakini yafaa tujiulize: ni kitu gani kinachoufanya ukurasa mmoja usomwe miaka na miaka, na mwingine ufe ungali mchanga?

Wapo wanaojibu upesi kuwa ni fedha na mitambo. Hatukatai kuwa mitambo ni neema. Televisheni yetu ya Zanzibar, ilipoanza mapema katika miaka ya 1970, ilikuwa ya rangi wakati nchi nyingine za Afrika kusini ya Sahara hazijaifikia hatua hiyo, na fahari hiyo itabaki kuwa yetu. Hata hivyo, ng'ambo ya pili ya bahari, mjini Dar es Salaam, gazeti la Ngurumo lilikuwa likisomwa kwa hamu tangu lilipoanzishwa mwaka 1959 mpaka lilipokoma mwaka 1976, na halikuwa na mitambo ya kujivunia. Watu wa kawaida walilipenda kwa sababu liliwaeleza mambo yao kwa lugha yao. Mtambo huufikisha ukurasa mlangoni kwa mtu, ila hauwezi kumlazimisha aufungue.

Tukirudi nyuma zaidi tutaona kuwa somo hili si geni kwetu. Mwaka 1888, pale Kiungani, wamisionari wa Kiingereza na wanafunzi wao walianza kuchapa Msimulizi, ambalo ni miongoni mwa magazeti ya mwanzo kabisa ya Kiswahili. Sehemu kubwa ya yaliyomo ilikuwa habari na barua kutoka vituo vya misheni vya bara. Aliyekuwa mbali alijua ya wenzake, na wenzake wakajua yake.

Kisha mwaka 1923 Serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilitoa gazeti la kila mwezi, Mambo Leo, chini ya idara yake ya elimu. Wakubwa walikusudia kufundisha na kutangaza mipango yao. Wasomaji nao wakaligeuza kuwa baraza. Waliandika kutoka miji mbalimbali kueleza habari za kwao, walitungiana mashairi na kujibizana, wakabishana juu ya lipi ndilo neno sahihi la Kiswahili. Marehemu Shaaban Robert ni mmoja wa washairi waliosomwa humo. Kilicholidumisha gazeti lile katika mapenzi ya watu hakikuwa matangazo ya Serikali peke yake. Ilikuwa ni ile hakika ya mtu aliye mbali kwamba akiandika, neno lake laweza kurudi likiwa limechapwa, na mwenziwe asiyemjua akamjibu.

Mfano wa tatu ni Kwetu, gazeti lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1937 na Erica Fiah, mwenye duka aliyetoka Uganda. Hakuwa na hazina ya Serikali nyuma yake. Alichokuwa nacho ni jambo la kusema: shida za Waafrika wa mjini, mishahara yao na biashara zao ndogo ndogo. Gazeti lilihangaika mara nyingi kwa uhaba wa fedha, na bado liliendelea hata baada ya Vita Kuu ya Pili. Haba na haba hujaza kibaba, lakini sharti kibaba chenyewe kiwe na mwenyewe anayekingoja.

Kwa hivyo maoni yetu ni haya. Ukurasa hufaulu pale msomaji anapoona kuwa neno lake limepokewa, limepelekwa panapohusika, na limerudi na jibu. Mengine yote ni watumishi wa jambo hili moja. Kutoka kwa siku iliyoahidiwa ni heshima kwa anayengoja. Lugha safi na nyepesi ni heshima kwa anayesoma. Na ukweli ni sharti la vyote, kwa kuwa njia ya mwongo ni fupi.

Wala hili si suala la anasa. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Jamaa walisubiri habari Unguja na Pemba, na hesabu za watu zilizotajwa siku za mwanzo zilikuja kuonekana kuwa ndogo mno baada ya Tume ya Uchunguzi kufanya kazi yake. Katika saa kama hizo mtu hamwamini aliyempigia kelele nyingi zaidi. Humwamini yule aliyezoea kumwambia kweli katika mambo madogo ya kila siku, na ambaye akibainikiwa kuwa hesabu imebadilika huitengeneza hadharani siku ile ile. Imani hiyo haipatikani siku ya msiba. Hujengwa kabla, toleo baada ya toleo.

Hapa tunapenda kuwaomba waheshimiwa maofisa wa Serikali, Unguja na Pemba. Mwananchi anapoandika kwamba bomba la shehia yake limekauka wiki ya tatu, hakumtukana mtu. Amefanya kazi ambayo ofisi ingemlipa mkaguzi kuifanya. Barua yake isiulizwe kwanza imeandikwa na nani na kwa nia gani. Iulizwe kama ni kweli, na kama ni kweli, bomba litatengenezwa lini. Kila ofisi yenye ukurasa imteue mtu mmoja wa kujibu, na jina la cheo chake lijulikane. Jibu la "bado, vifaa tunavitarajia mwezi ujao" ni bora mara nyingi kuliko kimya, maana kimya huachia uvumi nafasi ya kujibu.

Nanyi wasomaji mna wajibu wenu. Barua yenye mahali, tarehe na jambo lililoonekana kwa macho hufanya kazi. Yenye matusi na "nimesikia" humpa mhusika sababu ya kuitupa. Anayetaka ajibiwe kwa uungwana na aandike kwa uungwana.

Basi ofisi au kikundi kinachotaka kuanzisha ukurasa mpya kisianze kwa kutafuta mgeni rasmi. Kitafute kwanza watu kumi walio tayari kuandika, na mmoja aliye tayari kujibu. Hao wakipatikana, ukurasa una maisha, hata ukichapwa kwa karatasi hafifu.