Mmea Usiojulikana Katika Bustani

Mvua za kwanza zinyeshapo Kasokola, karibu na Mpanda, huota katika bustani miche isiyopandwa na mtu. Huenda mmoja ni mnavu, mboga njema. Na wa pili ni mnanaha, wenye sumu kali, wala si mnanaa ule utiwao katika chai. Je, tutaipambanuaje?

Majani peke yake hayatoshi, kwa kuwa mimea hii ni ya ukoo mmoja, na michanga yake huweza kumdanganya mtu. Ngojeni maua na matunda. Ua la mnavu ni dogo, lina ncha tano kama nyota, na matunda yake ni madogo ya mviringo. Ua la mnanaha ni refu kama tarumbeta, jeupe au la zambarau. Tunda lake lina miiba pande zote, na jani lake likifikichwa hunuka vibaya.

Msiuonje mmea msioujua. Sumu ya mnanaha imo katika kila sehemu yake, wala haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2019, huko Karamoja, Uganda, unga wa msaada ulichanganyika na mbegu zake. Watu karibu 300 waliugua, na 5 wakafa. Aliyeula hukauka kinywa, mboni za macho humpanuka, tena huweweseka. Apelekwe hospitali upesi, pamoja na tawi la mmea huo.

Basi, kabla ya kuchuma, mwonyesheni bwana shamba tawi lenye jani, ua na tunda. Akisema ni mnanaha, ung'oeni kabla tunda halijapasuka na kumwaga mbegu.