Mwezi Mpevu Juu ya Kilombero

Sisi watu wa visiwa hatuhitaji kuambiwa kwamba mwezi una kazi. Mvuvi wa dagaa anajua kuwa mbalamwezi ikitanda taa yake haina thamani tena, naye hupumzika akangoja giza lirudi. Mkulima wa mwani anajua kuwa bamvua la mwezi mpevu ndilo litakalomwachia ufuko mkavu wa kufanyia kazi. Wapo wafungao masiku meupe, yaani tarehe 13, 14 na 15 za mwezi mwandamo; na kila mwisho wa Shaabani wakubwa kwa wadogo huelekeza macho magharibi. Hata hivyo, tukijiuliza ni wangapi kati yetu waliopata kukaa wakautazama uso wa mwezi wenyewe, usiku wa kumi na nne, kwa nia ya kujua umebeba nini, tutakiri kwamba tumeutumia sana na kuutazama kidogo.

Fikra hizi zilinijia nilipokuwa Ifakara, katika bonde la Kilombero mkoani Morogoro, mwezi wa Julai, wakati mpunga umekwisha kuvunwa na mbingu hazina wingu. Upande mmoja Milima ya Udzungwa imesimama kama ukuta. Upande wa pili ni nyanda za juu za Mahenge. Na kati yake unapita mto ambao maji yake, baada ya kukutana na ya Luwegu, huitwa Rufiji na kumwagika baharini mkabala wa kisiwa cha Mafia. Kwa hiyo mtu wa kisiwani aendaye Ifakara hajaenda ugenini. Amefuata tu maji hadi yanakotoka.

Jioni hiyo mwezi ulichomoza mwekundu kwa sababu ya moshi wa nyasi zilizochomwa mashambani, kisha ukapanda ukawa mweupe. Mwenyeji wangu alitoa darubini yake ya macho mawili, ambayo mchana huitumia kutazamia ndege, na binti yake, mwanafunzi wa kidato cha pili, akaleta kitabu cha zamani kilichopigwa chapa Ulaya, chenye picha ya mwezi mpevu. Alitazama juu, akafungua kitabu, akatazama tena. Mwishowe akasema: "Babu, kitabu kinaonyesha kwamba doa jeupe lenye miale liko chini. Mimi naliona mkono wa kulia. Nimekosea wapi?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Binti hakuuliza kitabu kimekosea wapi. Aliuliza yeye amekosea wapi. Nikamjibu, "Hujakosea, mjukuu wangu, na kitabu nacho hakikukosea. Aliyekichora alisimama mahali pengine."

Maelezo yake ni haya. Mtu aliyeko London huutazama mwezi akiwa ameelekea kusini, na kwa hiyo kusini ya mwezi huiona chini. Sisi tuko karibu na mstari wa Ikweta. Mwezi mpevu unapochomoza, wakati jua linapotua, tunauelekea mashariki; kaskazini iko kushoto kwetu na kusini iko kulia, na mwezi nao umelala vivyo hivyo. Ukifika usiku wa manane hupita karibu na utosi, ambapo juu na chini hutegemea tu mtazamaji ameelekea wapi. Alfajiri unapotua magharibi, kilichokuwa kulia kimekwisha kuwa kushoto. Ni kwa sababu hiyo hiyo mwandamo wetu hulala kama dau, wakati ule unaochorwa katika vitabu vya Ulaya husimama kama mundu. Ifakara na Mafia zina latitudo inayokaribiana sana, nyuzi 8 hivi kusini ya Ikweta, hata mtu wa Mafia huuona mwezi ukiwa umelala kama auonavyo mtu wa Ifakara. Ila wa Mafia huchomoza dakika 12 hivi mapema zaidi.

Doa alilolitaja binti ni kreta iitwayo Tycho, shimo lenye upana wa kilomita 85 hivi. Mwamba mkubwa kutoka angani uligonga uso wa mwezi kwa kasi kubwa, ukachimba shimo hilo na kurusha vumbi na mawe pande zote. Kwa kuwa mwezi hauna hewa ya kuyazuia, na uzito wa vitu huko ni mdogo, yalisafiri mbali. Miale ya Tycho imeenea zaidi ya kilomita 1,500. Si barabara wala nyufa, kama wengine walivyodhani zamani, bali ni michirizi ya kilichorushwa, mfano wa unga uliomwagika sakafuni.

Msomaji atauliza kwa nini tungoje mwezi mpevu, hali wataalamu husema kwamba milima na mashimo ya mwezi huonekana vizuri zaidi mwezi ukiwa nusu. Ni kweli kwamba mwezi nusu huangazwa na jua kwa ubavu, na kila mwinuko hutupa kivuli. Siku ya kumi na nne jua huumulika mwezi kutoka nyuma yetu, vivuli hutoweka, na milima huonekana kama imesawazishwa. Lakini hapo ndipo tofauti ya weupe na weusi wa ardhi yenyewe inapojitokeza, na miale hung'aa. Mwezi mpevu una mwanga wa takriban mara kumi ya mwezi nusu, ingawa umekuwa mkubwa mara mbili tu. Na tusidanganyike na mwanga huo: ardhi ya mwezi kwa wastani hurudisha asilimia 12 tu ya nuru ya jua, karibu sawa na lami iliyochakaa.

Weupe wa miale pia ni kipimo cha umri. Chembe zitokazo kwenye jua na vumbi la angani huipiga ardhi ya mwezi bila kukoma, na polepole kilicho cheupe husawijika. Baada ya miaka bilioni moja hivi miale hufifia. Kwa hiyo kreta yenye miale ni changa. Kwa kuchunguza mawe yaliyoletwa na chombo cha Marekani cha Apollo 17 mwezi Desemba mwaka 1972, wataalamu walikadiria kwamba Tycho ina miaka milioni 110 hivi. Mijusi wakubwa wa kale ambao mifupa yao ilifukuliwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya 1909 na 1913, walikuwa wamekwisha kufa miaka milioni 40 hivi kabla ya pigo hilo. Kreta ya Copernicus, yenye upana wa kilomita 93, inakadiriwa kuwa na miaka milioni 800, kwa msaada wa vumbi lililoletwa na Apollo 12 mwaka 1969.

Karibu na Tycho kuna kreta nyingine, Clavius, yenye upana wa zaidi ya kilomita 220. Mwezi ukiwa nusu na siku chache, ni fahari ya kutazama. Usiku wa kumi na nne karibu hupotea kabisa. Ni kuukuu, imepoteza miale yake, na bila kivuli haina cha kujitambulisha. Kadhalika Alhazen, kreta iliyopewa jina la Kilatini la mwanachuoni Ibn al-Haytham wa Basra, aliyeandika juu ya nuru na macho miaka elfu moja iliyopita: iko ukingoni mwa mwezi, na huonekana vizuri siku nyingine.

Kwa atakayependa kujaribu, darubini ya macho mawili yatosha, nayo iegemezwe ukutani au juu ya kiti ili isitetemeke. Mwezi uchomozapo, Tycho itakuwa kulia. Juu kabisa kuna doa jeusi la mviringo, bahari kavu iitwayo Crisium; chini yake kidogo kuna kinukta cheupe, Proclus, ambacho miale yake imefunguka kama upepeo na kuacha upande mmoja mtupu, kwa sababu jiwe lilikuja kwa mlazo. Sehemu ya chini ya uso wa mwezi kuna Copernicus na Kepler, kama matone mawili ya chokaa juu ya ukuta mweusi, na kushoto yake kidogo ni Aristarchus, inayong'aa kuliko kreta zote kubwa. Nuru ya mwezi haidhuru jicho, tofauti na jua ambalo halifai kutazamwa hivyo kamwe. Wala si lazima kwenda porini: taa za Darajani haziwezi kuuficha mwezi mpevu.

Sasa nawageukia viongozi na watumishi wa Serikali wasomao ukurasa huu. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa kwa umbo la pete, watu walikusanyika Rujewa, wilayani Mbarali, kulishuhudia. Tarehe 27 Julai 2018 tuliona mwezi ukipatwa kwa saa moja na dakika 43, muda mrefu kuliko kupatwa kwingine kwote kwa mwezi katika karne hii. Siku hizo kila mtu alikuwa mwanafunzi. Lakini matukio hayo ni ya miaka kadhaa mara moja, na mwezi mpevu hurudi kila baada ya siku 29 na nusu, bure.

Maombi yetu ni matatu. Kwanza, Taasisi ya Elimu Tanzania na Taasisi ya Elimu Zanzibar zihakikishe kwamba vitabu vya skuli vinaonyesha mwezi kama uonekanavyo kwetu, unapochomoza na unapotua. Pili, kila kundi la skuli za jirani lipatiwe walau darubini moja ya macho mawili. Tatu, walimu wapewe ruhusa ya jioni moja kila mwezi, wazazi wakiwemo. Jioni hiyo iwe na tahadhari. Ifakara ni mji ambao utafiti wa malaria umefanywa tangu miaka ya 1950, na leo kuna Taasisi ya Afya Ifakara; jambo moja ambalo mji huo unalijua vyema ni kwamba mbu huuma hata nje ya nyumba. Watoto wavae mikono mirefu, wakae uwanjani kwa skuli, mbali na kingo za mto ambako viboko hutoka usiku kula majani.

Wapo watakaosema kwamba nchi yenye upungufu wa madawati haina haja ya kuhesabu mashimo ya mwezini. Hoja hiyo ina uzito, wala hatuombi darubini badala ya madawati. Lakini mtoto anayekwenda skuli miaka kumi na moja akafundishwa kwamba, picha ikitofautiana na jicho lake, jicho ndilo lenye makosa, amepata hasara ambayo dawati halitaiondoa. Kesho atapimiwa shamba, atasomewa mkataba, ataandikiwa dawa, naye atanyamaza.

Alfajiri ile binti aliniamsha. Mwezi ulikuwa umeinama kuelekea Udzungwa, na doa lile sasa lilikuwa mkono wa kushoto, kama tulivyosema litakuwa. Alichukua penseli akachora miezi miwili pembeni mwa ukurasa wa kitabu kile, mmoja wa jioni na mmoja wa alfajiri, na chini yake akaandika: Ifakara.