Faini Isiyouma

Kila Agosti, katika uwanja wa Meadowlands huko New Jersey, Marekani, hufanyika Hambletonian, mbio zinazotamaniwa kuliko zote na madereva wa farasi wa vigari katika nchi hiyo. Kitita cha zawadi ni dola milioni moja. Nusu yake humwendea mshindi, na kwa desturi ya Amerika Kaskazini dereva hupata asilimia 5 ya kile alichovuna farasi wake. Hizo ni dola 25,000 kwa kazi isiyofika dakika mbili. Sasa mwambie dereva huyo, akiwa amebakiza mita 200 na mpinzani yuko ubavuni, kwamba akizidisha mjeledi atatozwa faini ya dola mia chache. Hahitaji kikokotoo.

Hapo ndipo ulipo ugumu wote wa kuwaadhibu madereva wanaochapa kupita kiasi. Kanuni zipo, tena nyingi. Wasimamizi wa mbio wapo, wana kamera kila kona. Kinachokosekana ni adhabu inayomfika mtu mwenye hamu ya kushinda.

Msomaji wa Afrika Mashariki aliyewahi kwenda uwanja wa Ngong, Nairobi, ameona farasi wakipandwa na kutimuliwa shoti. Huu ni mchezo mwingine. Dereva hukaa nyuma ya farasi kwenye kigari chepesi cha magurudumu mawili, miguu ikiwa kwenye vikanyagio, mikononi hatamu mbili ndefu. Tena shoti ni marufuku. Farasi hukimbia kwa mwendo maalumu: ama miguu inakwenda kwa kukingamana, wa mbele kulia pamoja na wa nyuma kushoto, ama miguu ya upande mmoja inakwenda pamoja. Akichanganya hatua na kuanza shoti, dereva lazima amrudishe kwenye mwendo wake, na akipita wenzake wakati anaruka huweza kushushwa nafasi au kuondolewa kabisa katika matokeo. Kwa hiyo kumhimiza farasi wa kigari ni kazi ya kupima: ukizembea unaachwa, ukizidisha anapasuka shoti na mbio zimekwisha.

Mjeledi wenyewe si mdogo. Kanuni za chama cha mchezo huo nchini Marekani, USTA, zinaruhusu fimbo isiyozidi futi 4, karibu sentimita 120, na kipande cha ncha kisichozidi inchi 6. Ni mrefu hivyo kwa sababu dereva yuko nyuma sana. Wala haupigi mwili wa farasi peke yake. Madereva wengi huugonga kwenye miti ya kigari ili utoe kishindo, na mara nyingi kishindo hicho humtosha farasi. Mtazamaji wa jukwaani hawezi kutofautisha. Kwake yote ni kuchapa, na mchezo unalipia picha hiyo hata pale ambapo farasi hakuguswa.

Zamani, picha ya kawaida ya mita za mwisho ilikuwa hii: dereva anakusanya hatamu zote mbili kwenye mkono wa kushoto, anaegemea nyuma, kisha mkono wa kulia unapanda juu ya kichwa na kushuka kwa nguvu ya bega zima. Mkono mmoja ukiwa na kazi hiyo, kichwa cha farasi kimebaki bila wa kukiongoza, na farasi anaweza kuyumba kuelekea gurudumu la jirani. Magurudumu yakigusana kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa, wanaoanguka si wawili tu.

Septemba 2009 jimbo la Ontario, Canada, lilianza kutumia kanuni nyepesi kuielewa: hatamu moja katika kila mkono, tangu mbio zinapoanza hadi mstari wa mwisho. Basi. Aliyeshika hatamu kwa mikono yote miwili hawezi kuinua mkono juu ya kichwa bila kumvuta farasi wake mwenyewe. Kinachobaki ni kutikisa kifundo cha mkono, na ncha ya mjeledi inaruka kidogo tu. Australia nayo imeandika jambo hilohilo kwa namna yake: mjeledi uelekee mbele, mchezo uwe wa kifundo, bega lisihusike. Kati ya kanuni zote za mjeledi, hii ndiyo yenye akili zaidi, kwa sababu inabana mwili wa dereva kabla ya kosa. Haisubiri kosa litendeke ndipo aitwe ofisini.

Kuhesabu ni njia nyingine, na hiyo ina matatizo yake. Kanuni za New Zealand zimewahi kuweka kikomo cha mapigo 10 katika mita 400 za mwisho. Inaonekana wazi kama maji, mpaka ukae na wasimamizi mbele ya video. Picha inarudishwa nyuma, inasimamishwa, inasogezwa taratibu. Je, lile la saba lilimgusa farasi au liligonga mti wa kigari? Alianza kuchapa kabla au baada ya nguzo ya mita 400? Dereva anasema lile la mwisho lilikuwa la kumzuia asiingie njia ya mwenzake. Kosa likithibitishwa, huja hesabu ya pili: amekosa mara ngapi mwaka huu ukilinganisha na idadi ya mbio alizoendesha, amekiri mapema au amebisha, na mbio zilikuwa za kawaida au za zawadi kubwa. Mwishoni hupatikana faini, au kufungiwa siku kadhaa.

Kufungiwa huuma kuliko faini. Dereva mashuhuri huendesha mbio nyingi kwa siku moja, na kila siku anayokaa nyumbani farasi wake wanapewa mtu mwingine, ambaye huenda asiwarudishe. Hata hivyo akifungiwa siku ambazo uwanja mkubwa haukodolewi macho na mtu, hasara inakuwa ya kuvumilika.

Na je, huo mjeledi unasaidia? Profesa Paul McGreevy wa Chuo Kikuu cha Sydney na mwenzake David Evans walichapisha mwaka 2011 uchunguzi wa farasi wa kupandwa. Waliona kwamba waliokuwa mbele ndio waliochapwa zaidi, lakini tofauti ya kuchapwa haikueleza nani alishinda. Zilikuwa mbio chache, kwa hiyo isichukuliwe kama hukumu ya mwisho. Mwaka 2020 timu nyingine ya watafiti wa Australia, McGreevy akiwemo, ililinganisha mbio 126 za Uingereza, nyingine zenye mjeledi na nyingine ambazo joki, yaani mpanda farasi, hakuruhusiwa kuutumia kumhimiza farasi. Muda wa kumaliza haukutofautiana kwa maana yoyote, wala mwenendo wa farasi njiani. Mwaka huohuo ukatoka uchunguzi wa ngozi za farasi 20 na watu 10 waliokwisha kufa: tabaka la juu linalohisi maumivu halikuonyesha tofauti ya maana kati ya farasi na binadamu, si kwa unene wala kwa wingi wa mishipa ya fahamu. Hoja ya zizini kwamba farasi ana ngozi ngumu, hasikii, imebaki bila mguu wa kusimamia.

Pamoja na hayo dereva ataendelea kuchapa, na sababu si ukatili peke yake. Mmiliki anatazama. Mkufunzi anatazama. Waliobashiri wanatazama, na farasi akishindwa kwa pua huku dereva ametulia, swali la kwanza ni kama alitaka kushinda kweli. Faini inamwangukia yeye, faida inagawanywa kwa wengi. Dereva wa daladala anayejua kwamba faini ya kuzidisha abiria ni ndogo kuliko nauli zao huilipa bila kinyongo, na kesho akajaza tena.

Adhabu inayogusa zawadi yenyewe ni habari nyingine. Oktoba 15, 2011, huko Ascot, Uingereza, joki Christophe Soumillon alishinda Champion Stakes akiwa juu ya Cirrus des Aigles. Kanuni mpya, iliyokuwa na umri wa siku tano, iliruhusu mapigo matano katika mita 200 za mwisho. Yeye alipiga sita. Akahukumiwa kupoteza fungu lake, zaidi ya pauni 50,000, kwa pigo moja. Majoki walipiga kelele na kanuni ikalegezwa mwezi huohuo. Lakini farasi alibaki mshindi, na mmiliki alichukua chake.

Mwaka 2023 Waingereza walikwenda mbali zaidi: joki akizidisha kikomo kwa mapigo manne au zaidi, farasi anaondolewa kwenye matokeo. Kwenye mbio za vigari wengi huiogopa hatua hiyo, wakisema mbashiri aliyeweka dau kwa haki atapoteza pesa kwa kosa la dereva. Hoja hii ina udhaifu, maana mchezo huo unafanya hivyo tayari kwa makosa mengine. Katika Hambletonian ya 2017, farasi What The Hill alivuka mstari akiwa wa kwanza, akashushwa kwa kumwingilia mwenzake, na ushindi ukaenda kwa Perfect Spirit. Waliombashiri What The Hill walirudi nyumbani mikono mitupu, na mchezo haukufa.

Hoja nzito zaidi ni ya usalama: dereva anahitaji kitu cha kumnyoosha farasi anayeyumba. Ndiyo iliyosikika sana Australia. Desemba 2016 Harness Racing Australia ilitangaza kwamba mjeledi ungepigwa marufuku kuanzia Septemba 1, 2017. Kabla siku hiyo haijafika uamuzi ukageuzwa, zikabaki kanuni zilizokazwa. Lakini Norway iliuondoa mjeledi tangu miaka ya 1980, na madereva wake bado wanashika kona wakiwa na hatamu tu. Kumwamsha farasi kuna njia nyingine pia. Farasi wengi huzibwa masikio kwa vizibo vyenye kamba, na dereva akiingia mita za mwisho huvuta kamba hiyo. Vizibo vinachomoka, kelele za uwanja, za magurudumu na za wapinzani zinamwingia farasi kwa mkupuo, naye anaongeza mwendo bila kuguswa.