Nyota ya Mwaka 396 na Maji ya Mto Nile: Falaki Ipi Inasomwa na Ipi Inaachwa?



Mzazi mmoja wa Pemba ametuletea swali. Binti yake yuko chuo kikuu na anataka kufanya utafiti unaokusanya elimu ya nyota, historia ya mazingira na afya. Babu yake amekataa, anasema mambo ya nyota ni ramli na ramli ni haramu. Lakini katika nyumba hiyo hiyo, anaongeza mzazi, mtoto mdogo alipoharisha siku tatu mfululizo, watu wazima walimpeleka kwanza kwa mwalimu aangaliwe nyota yake. Anauliza: sheria inasemaje?

Jambo la kusomewa limekatazwa na jambo la kukatazwa limefanywa, yote chini ya paa moja. Tatizo ni la jina. Sisi kwa Kiswahili tunasema "falaki" kwa anayehesabu kupatwa kwa jua, na tunasema "kupiga falaki" kwa anayekwambia ndoa yako ina mkosi. Wanachuoni waliyatenganisha haya zamani. Ibn Rajab ameeleza kuna elimu ya mwendo wa nyota, ambayo mtu huijua kwa hesabu na kuangalia, na hiyo inaruhusiwa kwa kadiri ya haja kama kujua kibla na njia. Na kuna elimu ya taathira, yaani kudai kuwa nyota zinaleta kheri na shari duniani, na hiyo ni batili. Imam al-Khattabi naye kabla yake alisema maneno ya maana hiyo.

Yupo mtu mmoja ambaye elimu hizi zote, iliyo sahihi na iliyo batili, zilikutana kifuani mwake. Naye ndiye atakayetusaidia kulijibu swali hili.

Ali bin Ridhwan alizaliwa Giza, Misri, mwaka 988 Miladia. Baba yake alikuwa mwoka mikate. Alianza kusoma utabibu akiwa na miaka 14, na kwa kuwa hakuwa na fedha, alijikimu kwa kupiga falaki, kutibu na kufundisha. Baadaye akafikia kuwa mkuu wa matabibu wa Misri katika dola ya Mafatimi. (Alikuwa pia mgomvi wa kalamu. Barua zake za kubishana na tabibu Ibn Butlan wa Baghdad si za kumsomesha mwanafunzi adabu.)

Mwaka 396 Hijria, yaani 1006 Miladia, ilitokea nyota mpya mbinguni. Bin Ridhwan alikuwa kijana wa miaka 18 hivi. Baadaye, alipokuwa akisherehesha kitabu cha Ptolemy, aliandika alichokiona: nyota ilikuwa ya mviringo, kubwa mara mbili na nusu hadi mara tatu ya Zuhura, na nuru yake inazidi kidogo robo ya nuru ya mwezi. Ilikuwa katika daraja ya 15 ya burji ya Nge, ikilielekea jua lililokuwa daraja ya 15 ya Thauri. Akataja na mahali pa mwezi na sayari nyingine siku ile. Kisha akaeleza ilivyopotea jua lilipofika burji ya Sunbula.

Nyota hiyo iliandikwa pia Uchina, Japani, Yemen, na hata na watawa wa St. Gallen katika nchi ambayo leo ni Uswisi. Lakini maelezo ya Bin Ridhwan yana faida ya pekee, kwani kwa mahali pa sayari alizozitaja watafiti wameweza kuhesabu siku yenyewe: tarehe 30 Aprili 1006. Mwaka 1965 Bernard Goldstein, mwanahistoria wa sayansi, alichapisha ushahidi huu. Mwaka huo huo wanafalaki wa Australia, wakitumia darubini ya redio ya Parkes, walionesha mabaki ya nyota ile, wingu la gesi ambalo bado linatanuka. Leo inajulikana kuwa ile ilikuwa nyota iliyolipuka, na kwamba nuru yake husafiri takriban miaka 7,000 hadi kutufikia.

Hapo ndipo unajimu unapovunjika wenyewe. Bin Ridhwan hakuishia kwenye kuona. Aliandika kuwa kwa sababu nyota ile imetoka katika Nge, Waislamu walipigana vita vikubwa, mtawala wa Makka na Madina akafikwa na mambo, ukaja ukame, bei zikapanda, na maelfu wakafa kwa upanga, njaa na tauni. Sasa tafakari: nyota iliyolipuka maelfu ya miaka kabla ya Makka kuwa na mtawala wa Kiislamu, vipi iwe na khabari naye? Mtume (S.A.W.) alilifunga jambo hili siku alipofariki mwanawe Ibrahim na jua likapatwa. Watu wakaunganisha mambo mawili yale, naye akawafundisha kuwa jua na mwezi ni katika alama za Allah, havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa yeyote.

Lakini mtu huyu huyu aliandika kitabu kingine, kuhusu kuzuia madhara ya miili katika ardhi ya Misri. Humo hakutazama juu, alitazama mtaani. Aliueleza mji wa Fustat ulivyokaa: mlima wa Muqattam upande wa mashariki unauzibia upepo, njia ni nyembamba na majumba ni marefu, moshi wa majiko ya mahamamu unatuwama. Paka na mbwa wakifa wanatupwa njiani. Vyoo vinamwagia mto Nile, na watu wanakunywa maji ya mto ule ule. Akaandika namna maji yanavyobadilika mto unapojaa na unapopungua, na maradhi yanayofuata. Hata khofu ya njaa aliihesabu: watu wakikosa usingizi kwa wasiwasi, chakula hakisagiki vizuri tumboni, na maradhi huwapata upesi.

Kisha akatoa dawa. Maji yatekwe pale mto unapokwenda kasi na uchafu ni mchache. Yachujwe kwa vyombo vya udongo, au yachemshwe kisha yaachwe usiku yatue. Hakujua vijidudu, yeye aliamini hewa iliyooza ndiyo inayoua. Sababu aliikosea kwa kiasi, lakini choo na maji ya kunywa aliviona vimekaa pamoja, na hilo halihitaji hadubini.

Wanaotafiti historia ya mazingira ya Misri leo wanakisoma kitabu hicho pamoja na vipimo vya kina cha Nile vya Rawdha, ambako kipimo cha mawe kilijengwa mwaka 861. Kwetu pia kazi ya aina hii ipo: James Christie, daktari aliyekaa Unguja, alichapisha mwaka 1876 kitabu cha kipindupindu cha Afrika Mashariki tangu 1821 hadi 1872.

Kwa hiyo, jawabu. Binti huyo asome, na wala haingii katika katazo. Utafiti wake ni wa mwendo wa nyota, mito na maradhi, si wa kutabiri. Ama yule mtoto, kumpeleka kwa mpiga ramli ni dhambi ya kutubia. Imethibiti katika Sahihi Muslim kuwa anayemwendea mtabiri akamuuliza jambo haikubaliwi Sala yake siku arubaini. Na ni hatari kwa mwili: mtoto anayeharisha hukaukiwa maji haraka, apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti za hospitali na apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kisima cha nyumba nacho kiangaliwe kiko umbali gani na karo.

Na babu, kama anasoma Kiarabu kama wazee wengi wa Pemba, tunamuomba akae na mjukuu wake wakipitie pamoja kitabu cha Bin Ridhwan. Kiarabu chake ni cha kitabibu cha kale, na binti atahitaji msaada.

Wallaahu a'lam.